Mkwe Wangu Chini ya Gari la Marehemu

Jumapili ile mchungaji aliugua, ibada ikaisha mapema. Saa nne asubuhi nikawa nimesharudi nyumbani...

Na ndipo nilipomfuma mkwe wangu.

Amelala chali chini ya gari langu, bisibisi mkononi. Maji ya rejeta yanamwagika, na mpira wa maji anaufungua yeye mwenyewe!

Wasomaji wangu, mimi ni mtu wa subira, wajukuu zangu sita ni mashahidi. Lakini siku ile damu ilinipanda mpaka kofia ya kanisani ikawa nzito kichwani.

Ngojeni niwaeleze, msije mkaniona kichaa.

Gari lenyewe ni teksi, kigari cha Kifaransa cha zamani, rangi ya maziwa kama teksi nyingi za hapa Antananarivo. Gia yake inachomoza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli.

Mume wangu Ralambo aliliendesha miaka thelathini na moja. Mji wetu ni mlima juu ya mlima, na halikuwahi kuchemsha hata siku moja.

Alipofariki, usukani akaushika Ndrianja, mume wa binti yangu Voahirana, ambao naishi nao ua mmoja. Mimi nikashika kazi moja tu: maji ya rejeta.

Kila asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, nafungua boneti, naangalia ile chupa ya kioo ya maji ya akiba, najaza. Ralambo alishaniambia kwa kinywa chake:

"Maji ya bomba yana chokaa. Gari hili linywe maji yaliyochemshwa tu."

Neno lake nikalishika kama amri ya kanisani.

Mwezi haukupita, gari likaanza kuchemsha. Likipanda mlima wa Ambanidia, mvuke unatoka puani kama birika, abiria wanashuka wanasonya. Na maji yanapungua. Nikijaza leo, kesho chupa tupu.

Ndrianja akaniomba nimwachie yeye kazi ya maji. Nikakataa. Akaomba tena, nikakataa tena. Nikajiuliza, huyu anaficha nini?

Kisha Voahirana akaropoka kwamba mumewe anatamani pikipiki.

Basi, nikapata jibu. Anataka kuliua gari la marehemu liuzwe chuma chakavu, apate pikipiki yake!

Haya, turudi Jumapili.

Sikumsemesha. Nilitaka mashahidi. Nikaenda bombani, pale mtaa mzima unapopanga foleni ya madumu, nikatangaza kwamba mkwe wangu ni mwizi na waje wamwone kwa macho yao. Nikarudi na watu kama kumi nyuma yangu.

Ndrianja alikuwa ameshatoka uvunguni. Amekaa chini, beseni mbele yake, waya mkononi.

"Ralambo alipokuwa hai, gari hili halikuchemsha," nikamwambia. "Limeanza ulipoligusa wewe."

Akaufuta ule waya kwa kitambaa.

"Kabla jua halijazama, uwe umetoka kwenye ua wangu."

Voahirana, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliposikia hivyo akaingia ndani. Nikasikia sanduku linaburutwa. Kumbe anaondoka naye! Hasira ikazidi.

"Sema basi, mwanaume mzima. Huna mdomo?"

"Sina la kusema, Mama."

Jirani yangu Bodo, ambaye pua yake huingia kila mlango, akainama kwenye beseni. Akanusa.

"Mama Voahirana, mbona hili beseni linanukia kama jikoni kwako?"

Nikainama nami.

Maji ya hudhurungi, mazito, yanavutika kama uji. Juu yake vinaelea vipunje vyeusi vya wali ulioungua...

Nikachovya kidole, nikanusa.

Sisi hapa tukishapakua wali, sufuria haioshwi. Ule ukoko tunaumwagia maji, tunachemsha, na hicho ndicho kinywaji chetu cha mezani. Nyumbani kwangu maji yaliyochemshwa ni hayo, sijui mengine!

Ralambo alikuwa akichemsha maji ya gari kwenye kopo, pembeni. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Mimi nilichota kwenye jagi la mezani, miezi mitano.

Nililinywesha gari uji.

"Umejua lini?" nikamuuliza.

"Tangu mwezi wa pili wa kujaza kwako, Mama."

Akanionyesha mpira wa chini wa rejeta. Umepasuka, naye kaufunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Akaeleza taratibu kwamba pale ndipo panapovuja. Likivuja, najaza. Nikijaza, rejeta inaziba. Ikiziba, linachemsha. Kwa hiyo kila Jumapili, nikiwa kanisani, yeye analisafisha.

"Ukaniacha nikuite mwizi mbele za watu?"

Akatazama chini.

"Kila ukijaza maji unaongea na marehemu Baba. Nakusikia. Ningeanzia wapi?"

Wasomaji, hasira niliyokuwa nayo kwanza ilikuwa cha mtoto. Hii ya pili ilinigeukia mimi, na mpaka leo haijapoa.

Majirani wakaanza kuondoka kimya kimya. Nikawazuia.

"Kaeni. Mlikuja kumwona mwizi. Mwizi hayupo. Aliyeharibu gari ni mimi, na aliyelitengeneza nimemtukana. Nendeni mkalisimulie hilo bombani, kwa sauti ile ile niliyotumia mimi."

Nikaingia ndani, nikalichukua sanduku mkononi mwa Voahirana, nikazirudisha nguo za Ndrianja kabatini, moja baada ya moja.

Gari lenu kuukuu likipungua maji kila siku, msijaze tu. Tafuteni yanakokwenda. Na mtu wenu akinyamaza, msimjazie maneno. Mimi nilijaza vyote viwili.

Siku hizi mpira ni mpya. Maji ya gari yana dumu lake jeupe, lenye kamba nyekundu, na anayejaza ni Ndrianja.

Mimi nasimama pembeni na jagi langu la ukoko, naongea na Ralambo. Ndrianja akimaliza, namjazia yeye gilasi.