Mwani Usiooshwa

Jamaa zangu wa kijiji hiki na vijiji jirani, nisikilizeni, maana hasira ninayo na sitaificha.

Mnalijua bonde letu, kando ya njia ya Utende. Mpunga ulikuwa umesimama kijani, tuta moja tu likitenga shamba la Kidawa na la wifi yake Somoe, dada wa marehemu mumewe. Walikuwa wakipalilia huku wakitaniana. Kisha mwaka mmoja Somoe akaacha ng'ombe wake bila kuwafunga. Wakaingia upande wa Kidawa, wakala mpaka mashina. Ulikuwa mpunga wa arusi ya Safia, binti wa pekee wa Kidawa. Arusi ikaahirishwa, na Somoe, badala ya kuomba radhi, akasema, "Ng'ombe hana akili, mie nifanyeje?"

Kidawa akarudi kwake. Neno hilo aliliweka moyoni. Msinikunjie uso, hata mimi nilisema Somoe anastahili bakora.

Mwaka uliofuata masika yakawa haba. Bibi shamba, Matilda, akatuita wanawake tulioshika kilimo cha mwani tangu bahari ilipowekewa mipaka ya hifadhi. Akatuonyesha kutengeneza maji ya mwani ya kunyunyizia mpunga. Mwani uoshwe kwa maji ya kisima mpaka ukiulamba usionje chumvi, uchemshwe, uchujwe, kisha kikombe kimoja kizimuliwe kwenye ndoo ya maji.

"Si mbolea, wala hayaleti mvua," alisema. "Yanausaidia mpunga kuvumilia jua, basi."

Siku hiyo Somoe alikuwa msibani Jibondo. Aliporudi akaenda kwa Kidawa.

"Wifi, nielekeze na mie. Mpunga wangu unanyauka."

"Kwani kazi? Uchemshe na maji ya bahari. Usiuoshe, wala usizimue."

"Na chumvi yake?"

"Wewe mkulima wa mwani, wifi. Mwani ukipigwa na mvua si hufa? Maji baridi, yasiyo chumvi, huuondolea nguvu."

Hilo kila mwanamke wa pwani yetu analijua, ndiyo maana Somoe aliamini. Akashukuru, akaenda kuteka maji ya bahari. Kidawa akabaki mlangoni akicheka peke yake.

Mpunga wa Kidawa ulinywea mchana na kuinuka jioni, ukazaa kiasi cha chakula cha nyumbani. Wa Somoe ulianza kuungua nchani, ukakauka wote kama makuti. Kidawa akajifunga kanga nzuri, akaenda kuangalia. Alimkuta wifi yake ameketi juu ya tuta, analia.

"Pole, wifi," alisema, na roho yake imetulia kabisa.

"Usinipe pole mie, mpe mwanao. Shamba hili lote nilimlimia Safia. Nilitaka nivune kwanza, ndipo nije kukuomba radhi kwa wale ng'ombe. Niliona haya kuja mikono mitupu."

Kidawa akageuka, akarudi nyumbani.

Mchele wa dukani wa kulishia arusi hawakuumudu. Wazee wa bwana arusi, Abeid wa kijiji cha Kanga, walikuja wakasema kijana wao hawezi kungoja mwaka wa tatu, wakavunja uchumba. Walipoondoka, Safia alimgeukia mama yake.

"Mama, nani aliyemfundisha shangazi kutia maji ya bahari?"

Kidawa akageuza uso, akashika ungo. Safia alifunga nguo zake, akahamia kwa Somoe, na hajarudi.

Funzo

Somoe, wewe ungeomba radhi siku ile ile, haya yasingekuwa. Haya zako zimetugharimu. Lakini Kidawa, hasira yangu yote ni yako. Ulipewa elimu ya kuokoa chakula ukaigeuza sumu. Enyi mnaopanga kulipiza kisasi, ulizeni kwanza shamba mnaloliunguza limelimwa kwa ajili ya nani. Kidawa ana mpunga ghalani. Kila jioni anapika, na hana wa kumpakulia.