Chura Aliyeitika

Mtafiti alikuwa na kichwa kikubwa kuliko kazi zake, na pale maabara kila mtu alilijua hilo isipokuwa yeye. Alipomnasa kwenye chemchemi ya msituni chura mweusi mwenye tumbo jekundu, chura asiyetajwa na kitabu chochote, alimtumbukiza kwenye chupa ya spiriti, akampa jina lake mwenyewe. Wenzake waliona aibu kwa niaba yake. Wataalamu huwapa viumbe majina ya walimu wao, ya mito, hata ya wake zao. Kumpa kiumbe jina lako mwenyewe ni kujipigia makofi.

Chupa akaiweka kabatini sebuleni, wageni waione. Asubuhi sebule ikanuka matope. Jirani akabisha hodi, akamwita mtafiti kwa jina.

"Naam," ikaitika sauti nzito kutoka kabatini.

Mkewe akamleta mganga. Mganga alinusa chupa, akarudi nyuma.

"Hili ni jini la chemchemi," akanong'ona. "Halikuwa na jina, ndiyo maana lilitulia kule. Wewe ukalipa jina lako. Kesho, ukimtangaza chura huyu ukumbini mbele ya wenzako, futa jina hilo, taja jingine, na jini litaondoka."

"Nifute jina langu kwa ajili ya chura?" Mtafiti akacheka. "Mke wangu, huyu mshamba umemwokota wapi?"

"Baba watoto, nakuomba," mkewe akasema.

Hakusikia, bwana mkubwa. Kesho yake akabeba chupa hadi ukumbini, na alipoitwa jukwaani kwa jina akafumbua kinywa kuitika, koo likajaa maji ya baridi yenye ladha ya matope, akabaki ametumbua macho huku ile sauti nzito ikiitika kutoka kwenye chupa, ikisalimia, ikishukuru, ikieleza habari za chura kwa ufasaha ambao yeye hakuwahi kuwa nao, na ukumbi mzima ukapiga makofi bila hata mmoja kumtazama.

Akarudi nyumbani analia. Walau humo ndani hakuna anayemwita kwa jina. Akarudisha chupa kabatini, akakaa mlangoni kusubiri chakula.

"Baba watoto!" mkewe akaita kutoka jikoni. "Chakula tayari!"

Akajikakamua kuitika. Akakoroma kama chura.

"Nakuja, mama," ikajibu sauti kabatini, kwa upole.

Watoto wakatoka mbio, wakampita baba yao pale mlangoni, wakaenda kufungua kabati.