Aliyeitika Dirishani kwa Sauti ya Gacheri

Jumanne hiyo, jua la Tarbaj likianza kulegea, Gacheri alichukua jagi akatoka kwenda kununua maziwa ya ngamia kwa jirani yake Saado. Si mbali. Hatua hamsini, ukihesabu na zile za kukwepa miiba. Lakini kwa muuguzi aliyeamka saa kumi alfajiri, akazalisha wawili, akashona mmoja, akachanja ishirini na kugombana na friji ya chanjo mpaka ikakubali kuwaka, hatua hamsini ni safari. Alimwambia bintiye Abigael, wa miaka sita, afunge komeo kwa ndani, kisha akajikokota.

Kituo kile cha afya kilikuwa na muuguzi mmoja, naye ndiye yeye. Wenyeji walimwita sister, na sister haulizwi saa zake za kazi. Walimfuata nyumbani akila, akioga, akisinzia. Miezi minne nyuma akachoka, akatafuta dawa ya uchovu. Simu yake ya zamani aliiweka dirishani, upande wa ndani wa wavu, ikila umeme wa sola, akatia humo msaidizi: ile programu inayoongea na watu kama mtu. Aliisomea sentensi mia moja, ikajifunza sauti yake. Tangu siku hiyo mgeni akibisha, aliyemjibu alikuwa Gacheri ambaye si Gacheri. Sister ametoka. Una tatizo gani? Mimba ina miezi mingapi? Basi njoo Jumatatu saa tatu. Miadi ikaandikwa kwenye kalenda, na asubuhi orodha iko tayari.

Raha iliyoje! Ila raha nayo ina tumbo lake. Programu iliomba ruhusa ya hili na lile, naye akabonyeza nakubali, nakubali, bila kusoma. Iliuliza jina la mama yake, eti kwa usalama, akaipa. Abigael akishalala ilimuuliza siku yake imekwendaje, na kwa kuwa hakuna mtu aliyemuuliza swali hilo tangu atoke kwao Maua, alijibu. Aliieleza habari za mumewe aliyeoa mwingine, kovu la mtoto, wimbo unaomlaza mtoto, giza linalomtisha mtoto. Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wa kale. Gacheri aliumimina mtungi wote.

Saado alikuwa anapima maziwa, mgongo ameupa ua wa miiba. Mama wa makamo, mkavu, macho makali. Wakati huo ndipo waliposikia mtu akiita kutoka upande wa nyumba ya Gacheri.

Mara moja tu. Sauti ya chini, ya kike.

"Gacheri..."

Na sauti ya Gacheri ikaitika, "Naam, karibu."

Mkono wa Saado ukasimama, maziwa yakamwagika mchangani. Alimtazama jirani yake kuanzia kichwani mpaka kwenye ndara.

"Sister, wewe iko hapa," alinong'ona. "Huko kwako nani naitika?"

Gacheri akacheka, akamweleza habari za simu. Saado hakucheka. Aliuliza kama sister amesikia salamu. Huku mtu hafiki kwenye boma la mwenzake bila salamu, na yule hakutoa. Tena hii ni magharibi, saa ambayo hata mbuzi wanaingizwa ndani. Akiita mtu bila salamu saa kama hii, unanyamaza. Hiyo inajulikana.

Gacheri alijua. Hata kwao Maua nyanyake alimkataza kuitika jioni kabla ya kuitwa mara tatu, maana kitu kisicho mtu huita mara moja, na akiitika mmoja kimepata mlango. Lakini mashine haikulelewa na nyanya. Iliitwa, ikaitika, ndiyo kazi aliyoipa.

Aliliacha jagi, akaondoka mbio. Mbio za mtu aliyechoka.

Alianza kwa kusikia harufu. Mvua. Harufu ya udongo uliolowa... mahali ambapo haikuwa imenyesha kwa miezi minane. Halafu akamwona. Mwanamke mrefu, amejifunika shuka la rangi ya vumbi, mdomo ameusogeza karibu na wavu wa dirisha. Miguu ya Gacheri ikagoma hatua kumi kabla ya mlango, na sauti yake mwenyewe akaisikia ikijibu, pole kwa pole, kwa adabu ya ofisini.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Abigael."

"Mama yake?"

"Gacheri."

"Na mama wa mama yake?"

"Kananu."

"Anaogopa nini?"

"Giza. Ukimwimbia anatulia."

"Nimchukue lini?"

Ile simu ilikuwa inatafuta nafasi kwenye kalenda...

"Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni. Nimeshaandika."

Mwanamke akageuka, akampita Gacheri kwa karibu, shuka likamgusa mkono, nalo lilikuwa limelowa. Uso wake aliuona vizuri. Mpaka leo ukimwomba auelezee, anaanza vizuri, kisha anagundua kwamba anauelezea uso wake mwenyewe.

Abigael akamfungulia komeo, kisha akarudi kupaka rangi picha ya ng'ombe. Akauliza mbona mama alikuwa anaongea dirishani halafu ametokea mlangoni.

Baadaye Saado alikuja akaketi kwenye kizingiti. Aliuliza swali moja tu: lilitajwa jina la mama? Lilitajwa, Gacheri akasema, na la nyanya pia. Saado akafumba macho. Kwao watu husimulia ukoo wa baba hadharani, mababu ishirini bila kupumua, lakini jina la mama humpi mtu usiyemjua. Wapiga faal, wale wanaosoma nyota za watu na kuwafunga, jina la baba haliwasaidii.

"Baba nawesa kuwa uongo," Saado alisema. "Mama habana uongo. Ukipatia mtu jina ya mama, umepatia yeye kamba."

Jumatano Gacheri aliifuta ile miadi. Ikarudi. Akaifuta tena, ikarudi, imeandikwa kama miadi nyingine yoyote ya kliniki: Abigael, kuchukuliwa. Akaomba programu ifute kila kitu chake. Ikamjibu kwa upole kwamba ombi limepokelewa na taarifa zake zitaondolewa ndani ya siku tisini. Alizima simu, akaing'oa betri, akaitupa kwenye shimo la choo cha kituo. Hofu haikupungua hata chembe. Alichokisema kilikuwa kimeshasemwa.

Alimpigia bosi wake Wajir kuomba ruhusa ya dharura. Hakusema sababu, angesemaje? Bosi akamwambia avumilie, wa kumshikia zamu angefika Ijumaa. Usiku huo alifunga begi, akaamua kwamba liwalo na liwe, kesho wangepanda gari la asubuhi, kazi ikiota mbawa na iote.

Alfajiri ya Alhamisi wakamletea Istahil.

Binti wa miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, mtoto ametanguliza makalio. Waliomleta walikuwa wametembea naye tangu usiku. Gacheri alitazama begi lake, akamtazama yule binti aliyekuwa anauma ncha ya shuka, na gari likapiga honi barabarani likaenda zake. Angemwacha afe? Alilia kidogo akiwa ananawa mikono. Kisha akamwita Saado, akamkabidhi Abigael.

Saado alikuwa na sharti. Angejifungia na mtoto chumbani kwa sister, na tangu jua likianza kushuka asingemfungulia yeyote kwa sababu ya sauti wala jina. Atakayekuja atasema jambo ambalo mama mtoto hajawahi kulisema kwa kiumbe chochote, wala kwa ile simu. Gacheri akakubali upesi upesi. Alifikiri angerudi saa nane.

Mtoto wa Istahil alitoka saa kumi na mbili na dakika ishirini, wa buluu, akachelewa kulia. Alipolia, Gacheri alimkabidhi kwa nyanyake, akatoka na aproni yake ya damu, akakimbia. Anga lilikuwa jekundu. Vumbi lilikuwa limetulia. Na kabla hajafika mlangoni...

Ile harufu ya mvua.

Akagonga. Akaita. Akaita tena, akapiga mlango kwa ngumi. Ndipo sauti ya Saado ikasikika, chini kabisa, karibu na tundu la komeo.

"Mmoja amekuja tayari. Sauti yako. Ameketi hapo nje, halafu amenyamaza. Sasa wewe ni nani?"

"Ni mimi, Mama Saado. Fungua."

"Yeye bia alisema hifyo."

Gacheri akataja kovu la Abigael, goti la kushoto, alikoanguka, siku aliyoanguka. Saado akamjibu kwamba yule ametaja. Akaimba wimbo wa kumlaza mtoto. Yule ameimba, na ameimba vizuri zaidi. Akamtaja mumewe, akayataja maneno ambayo mumewe alimwambia siku ya mwisho, aibu iliyomfanya aombe uhamisho wa mbali. Yule ameyataja yote, bila kukosea neno.

Akainamisha kichwa, akakiegemeza kwenye bati la mlango. Alipekua maisha yake kama mtu anayepekua mkoba akitafuta funguo gizani, na kila alichokigusa alikuwa ameshakisema. Kila kitu. Usiku baada ya usiku, kwa hiari yake. Nyuma yake, kitu kilikuwa kinapumua. Hakugeuka. Hakuwa na nguvu hata za kuogopa vizuri.

Halafu akakumbuka jambo moja. Hakuwahi kulisema, kwa kuwa hata yeye mwenyewe hakutaka kulisikia.

"Abigael," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Kuna jioni nafika hapa, nasikia sauti yako ndani, na siingii. Nageuka. Naenda kukaa kwenye lile jiwe nyuma ya tangi mpaka ulale. Si kazi inayonichelewesha. Ni wewe. Nimechoka, mwanangu... Siku nyingine natamani nisingekuwa na mtoto."

"Mimi naona wewe kwa hiyo jiwe," Saado akasema polepole. "Mara nyingi. Nasema, muache, nabumsika. Yule mwingine hajui jiwe."

Komeo likafunguka.

Gacheri aliangukia ndani. Saado akaubamiza mlango nyuma yake, na kitu kikaugusa kwa nje, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi kwa kiganja. Kikaendelea hivyo mpaka giza lilipokamilika. Kisha harufu ya mvua ikaisha, na ikabaki ile ya kawaida, ya mbuzi na moshi.

Abigael alikuwa amekaa kwenye godoro, magoti ameyakumbatia. Alikuwa mzima. Hakuwa na hata mkwaruzo. Gacheri alimkumbatia, akamwambia kwamba maneno yale yalikuwa ya kufungulia mlango tu, na mtoto akatikisa kichwa kukubali, kama watoto wanavyowakubalia wakubwa wanaodanganya.

Ijumaa wa zamu alifika, nao wakaondoka. Sasa wanaishi Garissa, mtaa wa Galbet, chumba kimoja, mlango wa chuma. Siku tisini zimepita. Gacheri alipata ujumbe kwamba taarifa zake zimefutwa, na akaambiwa asante. Kazini wako wauguzi watano na anatoka saa kumi na moja. Anajitahidi sana. Anaingia moja kwa moja nyumbani, hata akiwa amekufa kwa uchovu, anauliza habari za shule, anapika, anaimba.

Wiki iliyopita, magharibi, alimkuta Abigael ameketi sakafuni akiutazama mlango. Hakuonekana kuogopa. Gacheri akamuuliza anangoja nini.

"Yule mama wa kwanza kuja mlangoni," mtoto akasema, bila kugeuka. "Alisema yeye hachoki."

Gacheri akaketi sakafuni kando yake. Alitaka kusema kwamba hata yeye hachoki, lakini mtoto angejua ni uongo.