Mate ya Nyanya

Kilichomshtua Ndinda si kilio. Kilio alikizoea. Mtoto wake wa kwanza alilia tangu azaliwe: analia akinyonya, analia akibebwa, analia hata usingizini. Jioni ile alinyamaza ghafla, akageuza kichwa kuelekea mlangoni kama mtu aliyeitwa.

Hakuna aliyeita. Mvua tu, na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Ulikuwa mwaka wa mvua kubwa zilizoleta kipindupindu Matinyani. Chifu alikataza watu kukusanyika, soko limefungwa, kanisa limefungwa, na Mutie, mumewe, mpishi wa hoteli kule Mtito Andei, amekwama huko kwa sababu barabara imekatika. Kuchemsha maji ni yeye, kufua nepi ni yeye, kukaa akichungulia nepi kama mtoto ameharisha ni yeye. Fomu foo alimaliza, sawa, lakini nani alimfundisha kubembeleza mtoto kuni zikiwa zimelowa na matiti yanawaka moto?

Na mtoto hata jina hana! Kwa watu wa Mutie, jina hutolewa na nyanya, akimtemea mtoto mate ya baraka kifuani. Nyanya mwenyewe, Kaluki, alikuwa Migwani, ng'ambo ya mto uliofurika. Jina lilijulikana: Kisilu, la marehemu mume wa Kaluki. Lakini kabla ya mate hayo mtoto huhesabiwa bado ni wa mizimu, na atakayetangulia kumwita kwa jina ndiye atakayekuwa mwenye mtoto.

"Ushamba huo," Ndinda alizoea kusema.

Kesho yake mchana, mvua ikinyesha, alisikia hodi.

"Mwanangu, ni mimi." Sauti ya Kaluki, kabisa.

"Mwaitu!" Ndivyo alivyomwita, mama. "Umevukaje mto?"

"Nimevuka tu. Maskini, umechoka. Fungua nimshike kidogo, ulale."

Ulale! Nesi alimwambia chemsha, chifu alimwambia kaa ndani, pasta alimwambia omba. Hakuna hata mmoja aliyemwambia lala. Machozi yakamtoka, mkono ukashika komeo.

"We Ndinda!" Alikuwa Mwanahamisi, mke wa mwenye duka, mzaliwa wa Malindi, akipiga kelele kutoka ng'ambo ya ua. "Waongea na nani? Mlangoni pako hapana mtu!"

Komeo likawa baridi mkononi. Mtoto alikuwa kimya tena, macho mlangoni.

"Mwambie ateme mate!" Mwanahamisi alipaza sauti. "Jini hana mate, mwanangu. Kinywa chake moto mtupu!"

"Mwaitu," Ndinda alinong'ona, "tema mate hapo kizingitini, halafu nifungue."

Akasikia koo likikwaruza, likikwaruza kama ukucha ndani ya kibuyu kikavu, likijaribu na kujaribu tena, mpaka Ndinda akarudi nyuma na mtoto kifuani na mgongo ukagonga ukuta, na chini ya mlango, siku ile ambayo nchi nzima ilikuwa tope, yakaingia majivu makavu, kidogo kidogo, kana kwamba kuna mtu amelala kifudifudi nje anayapuliza.

Halafu mtoto akalia. Kwa mara ya kwanza Ndinda alishukuru.

Mvua ilikatika, mto ukapungua, soko likafunguliwa. Na mchana mmoja wenye jua, Kaluki huyo, kiondo mgongoni, tope hadi magotini, anamtukana chifu tangu njiani. Mwanahamisi mwenyewe alimsindikiza hadi mlangoni, wakicheka, kisha akarudi dukani.

"Lete huyo mwizi wa maziwa! Tazama alivyokumaliza, umebaki masikio!"

Ndinda alicheka mpaka akalia. Akampa mtoto kabla hajawaza lolote, mikono ikabaki myepesi, akakaa kitandani.

"Mtemee basi, Mwaitu. Tumalize jambo hili."

Kaluki alifungua kinywa juu ya kifua cha mtoto. Akakifunga. "Koo limenikauka, mwanangu. Safari ndefu. Nipe maji."

Ni kweli, jua lilikuwa kali. Nani hangekaukwa na koo? Ndinda alichota maji yaliyochemshwa, akarudi nayo, ndipo akasikia jinsi nyumba ilivyokuwa kimya. Mtoto hakulia. Alikuwa akimtazama nyanya yake bila kupepesa, na ndani ya chumba kulikuwa na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Kikombe kilikaa hewani. Kaluki hakukipokea.

"Mwite tu," Ndinda alisema. "Mate baadaye. Mwite Kisilu, Mwaitu, nisikie."

Mama mkwe aliinua macho, akatabasamu kwa upole.

"Kisilu ni nani?" aliuliza. "Huyu nilishampa jina lake, jioni ile ya mvua. Hukumwona akigeuka?"