Mbu wa Mchana

Kila asubuhi Fundi alifungua karakana yake mbele ya nyumba. Aliziba pancha za baiskeli, za pikipiki na za magari. Mke wake alishona nguo barazani. Siku nzima walitaniana, huyu akigonga nyundo, yule akikanyaga cherehani.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na lundo la matairi chakavu. Fundi hakutupa tairi hata moja. Aliyakata akatengeneza viatu, kamba na mikanda ya viti.

"Lile lundo ni shamba langu," alipenda kusema.

Msimu wa mvua ulipoanza, cherehani ilinyamaza. Mke wa Fundi alishikwa na homa kali. Macho yalimuuma kwa nyuma. Viungo vilimuuma kama vinavunjwa. Jirani yao, kinyozi, alisaidia kumpeleka hospitali. Huko alilazwa. Fundi alikaa kando ya kitanda akimnywesha maji kidogo kidogo, na utani wote ukamwishia mdomoni.

"Ni kidingapopo, yaani homa ya dengi," daktari alisema baada ya kupima damu. "Inaletwa na mbu."

"Lakini sisi tunalala ndani ya chandarua, daktari!"

"Mbu huyu, mwenye miguu ya mistari, huuma zaidi mchana. Tena mjihadhari. Mtu akiugua mara ya pili, hali inaweza kuwa mbaya kuliko hii."

Mke wa Fundi alipona, akarudi nyumbani amekonda. Lakini maneno ya daktari hayakumtoka Fundi kichwani. Mbu akilia tu, yeye aliruka.

Siku hizohizo watafiti wa chuo kikuu walibandika matangazo mtaani. Waliwaita watu ukumbini kusikiliza mhadhara kuhusu mbu. Hakwenda mtu. Viti vilisikiliza vyenyewe.

"Wale wanafuga mbu kule maabara," kinyozi aliwaambia wateja wake. "Wamewazidi, sasa wanatuletea sisi!"

Wateja walicheka, mmoja nusura akatwe sikio.

Wiki iliyofuata, mtafiti mmoja alikuja kwa miguu. Alikuwa mwanamke kijana, amevaa mabuti ya mvua, mkononi ana tochi na upawa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti. Una pancha?"

"Hapana. Natoka chuo kikuu, maabara ya wadudu. Tuliwaita ukumbini, hamkuja. Tumeona kosa ni letu. Mtu ana kazi zake, ataziacha vipi akasikilize hotuba? Ndiyo maana leo nimekuja mimi."

Kinyozi alichungulia kutoka dukani kwake. "Eti ni kweli mnafuga mbu?"

"Kweli, tunafuga," mtafiti alijibu. "Tunawaweka ndani ya vizimba vya wavu, nyuma ya milango miwili. Tunachunguza wanavyoishi na dawa gani inawaua. Karibu uje uwaone. Lakini wale hawatoki. Mbu wa hapa mnawafuga wenyewe."

Kinyozi alirudisha kichwa ndani ya duka.

Fundi alimpeleka mtafiti nyuma ya nyumba. Mtafiti aliinamia tairi moja, akachota maji kwa upawa, akayamimina katika chupa ya kioo. Vidudu vyembamba vilipanda na kushuka, vikijikunjakunja.

"Hivi ni viluwiluwi. Ni watoto wa mbu."

Fundi alikunja uso. "Hivi ni vidudu vya maji tu. Binti, usije ukanichomea shamba langu kwa sababu ya vidudu vya maji."

"Hata mimi sitaki uchome. Moshi wa tairi ni sumu. Naomba kitu kimoja tu. Funga mdomo wa chupa hii kwa kipande cha chandarua, uiweke mezani kwako. Usiniamini mimi. Angalia mwenyewe."

Fundi aliiweka chupa kati ya nyundo na gundi. Kila siku aliitupia jicho. Vidudu vilinenepa, vikajikunja kama alama ya mkato. Kisha, asubuhi moja, mbu walikuwa wanaruka ndani ya chupa. Miguu yao ilikuwa na mistari myeupe na myeusi.

Fundi aliketi. Alimwita mkewe.

"Mke wangu, matairi haya ndiyo yanayotulisha. Kumbe ndiyo yaliyokulaza hospitali."

Alingoja lawama. Mkewe aligeuka akaingia ndani. Alichukua tochi, akaenda kumulika pipa lake la maji ya kufulia. Akarudi ameshika kiuno.

"Usijibebeshe peke yako, baba watoto. Njoo uone pipa langu. Humo kuna kijiji kizima!"

Walimwita mtafiti siku hiyohiyo. Majirani nao walikusanyika.

"Mbu huyu hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji," mtafiti alieleza. "Ukimwaga maji bila kusugua, mayai yanabaki. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja maji mengine. Kwa hiyo mwaga, sugua, funika. Fanyeni hivyo kila wiki, kabla viluwiluwi havijaota mabawa."

"Na matairi yangu?" Fundi aliuliza.

"Tairi likikaa pakavu, mbu hana pa kutagia. Paezekwe vipi, wewe ndiye fundi."

Fundi alijenga banda kwa miti na mabati, akayapanga matairi ndani baada ya kuyakausha. Mkewe alisugua pipa mpaka likang'aa, akalishonea kifuniko cha wavu chenye mpira. Majirani walikitaka, naye akawashonea. Kinyozi alipanda ngazi kusafisha mifereji ya mapaa, akipiga kelele kutoka juu: "Nani bado hajasugua? Kutoka huku nawaona wote!"

Mvua kubwa zikaja. Watafiti walirudi na tochi zao, wakapita nyumba hadi nyumba. Walimulika mapipa, makopo ya maua, mifereji na banda la Fundi. Watu waliwafuata nyuma kama wanaosindikiza harusi. Mwishowe mtafiti alisimama katikati ya njia. Alikuwa anatabasamu hata kabla hajasema.

"Mtaa mzima, hatujapata kiluwiluwi hata kimoja!"

Vigelegele vilipasuka. Mke wa Fundi alivipiga kuliko wote, mwanamke aliyekuwa hawezi kuinua hata kikombe.

Msimu ule ulipita bila mtu mwingine wa mtaa ule kuugua homa ya dengi. Chuo kikuu kiliwaalika Fundi na mkewe kwenye siku ya maonyesho. Meza yao ilizungukwa na watu. Mtafiti alieleza maisha ya mbu, Fundi alieleza banda, na mkewe alionyesha namna ya kusugua pipa, jasho likimtoka kwa furaha.

Mzee mmoja wa mtaa wa pili alipenya katikati ya watu.

"Fundi, kwetu homa imeshaanza. Mtakuja lini?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe aliitikia kwa kichwa.

"Kesho asubuhi," Fundi alisema. "Waambie watu wasimwage maji kabla hatujafika. Tunataka waone kwanza kilichomo, kwa macho yao."