Nuru ya Korongo la Mbuni

Jua la Bara Pana lilichomoza kila siku kwa amri ya Modesta Msengi. Hakuna aliyemshukuru kwa hilo, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Bara Pana ulikuwa mchezo tu, ingawa watu wa Dodoma ya miaka ile waliuita nchi. Mtu alivaa miwani-zama, miwani mizito inayofunika macho na masikio, akajikuta amesimama kwenye nyika isiyo na mwisho, yenye milima, mito na wanyama ambao hawajawahi kuzaliwa. Wapo walioingia humo kupigana, wapo waliotafuta hazina. Lakini wengi siku hizi waliingia kupiga picha. Walitembea humo, wakachagua mahali, wakasubiri ukungu ushuke au kundi la pofu, wale swala wakubwa, lipite, kisha wakafungua lenzi. Picha zao zilitundikwa sebuleni na hotelini, na mpigapicha hodari wa Bara Pana alijulikana kuliko mbunge wake.

Uzuri wote huo ulitoka kwa mchoranuru. Hiyo ndiyo mashine iliyokokotoa kila mwali wa mwanga mle ndani: ukipita kwenye majani uwe kijani, ukigonga vumbi utawanyike, ukimwangukia mtu umpe kivuli. Modesta ndiye aliyeiandika, ndiye aliyeitunza. Sasa mtu aliyetengeneza jua si angetosheka? Hakutosheka. Alitaka naye apige picha, na apige kuliko wote.

Picha zake hazikuwa mbaya. Zilikuwa sahihi. Kila mwaka alizipeleka kwenye shindano la Jicho la Bara, na kila mwaka waamuzi walimwandikia kwamba wamezipokea kwa furaha, basi. Aliyeshinda miaka miwili mfululizo alikuwa Elisifa Kitundu wa Singida, mfuga kuku, ambaye alikaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza na ambaye mpaka leo aliishi nyumba ya pili kutoka kwa mama yake Modesta. Angekuwa mtu wa mbali ingekuwa nafuu. Wivu wa jirani hauna dawa.

Mwaka huo picha ya Elisifa iliingia tena fainali. Ilionyesha mbuni watatu wakivuka Korongo la Mbuni, vumbi limesimama nyuma yao, na juu ya vumbi hilo nuru ya rangi ya asali, ikitokea mgongoni mwa mpigapicha na kugusa kila unyoya. Waamuzi waliandika: "Elisifa ametupa tena nuru ambayo hatujawahi kuiona kwa mwingine."

"Ametupa!" alisema Modesta peke yake ofisini. "Nuru yangu, halafu ametupa yeye."

Alimpigia simu. Alijiambia ni kumpongeza.

"Mode! Umeiona?" Elisifa aliitikia, na nyuma yake kuku walisikika wakigombana.

"Nimeiona. Nzuri. Ila ile nuru umeipataje?"

Elisifa alicheka. "Hata sijui, mwenzangu. Mimi nakaa tu, yenyewe inakuja. Mama yako huyu hapa, tunamenya karanga. Utamsalimia?"

"Nina kikao. Mwambie nitampigia."

Hakuwa na kikao. Nakaa tu, yenyewe inakuja! Yeye aliyeikeshea nuru ile miaka minane, haikuwahi kumjia hata siku moja.

Akafungua mchoranuru na kulichungulia Korongo la Mbuni kutoka upande wa mafundi. Alichokiona kilimfanya akae wima. Mle korongoni mashine ilitumia nguvu nyingi kuliko mahali pengine popote. Ilikuwa ikirekebisha mwanga kwa ajili ya miwani ya mgeni mmoja, na mwanga huo, badala ya kubaki kwenye miwani yake, ulivuja ukajaa korongo lote. Jina la mgeni hakuliona, kwa kuwa sheria haikuwaruhusu mafundi kuyaona majina. Hakuona haja ya jina. Elisifa amepata kichochoro, alijiambia. Anaidanganya mashine impe jua la ziada, na dunia nzima inampigia makofi.

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Modesta alifurahi kwamba yeye sababu anayo.

Mkuu wa kitengo, Bwana Tungaraza, hakuona tatizo. "Uvujaji huo haumdhuru mtu, Modesta. Watu wanaupenda. Kwanza muulize mgeni mwenyewe, ujumbe unaweza kumfikia bila kumjua jina."

"Hitilafu ni hitilafu, mzee. Tukianza kuzipenda tutaacha ngapi?"

"Basi wewe ndiye fundi," alisema Tungaraza, akarudi kwenye chai yake.

Modesta hakumuuliza mtu. Aliiamuru mashine isafishe korongo lote, ifute kila ilichojifunza pale, ianze upya. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Kisha akavaa miwani akaingia kutazama. Korongo lilikuwa pale pale, mawe yale yale, mbuni wale wale, chini ya jua sahihi la saa kumi. Lilikuwa la kawaida kabisa. Alijisikia vizuri, na usiku huo alilala fofofo.

Mama alipiga simu kesho yake mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Najua una kazi, sitakuchelewesha. Ni hiyo miwani uliyonipa. Nadhani imekufa. Au ni mimi."

"Imefanyaje?"

"Jana jioni Elisifa alinitangulia kutoka korongoni, nikabaki, nikaona giza linaingia ghafla, nikavua. Leo nimerudi, giza tupu."

"Korongo gani, mama?"

"La Mbuni. Si ndiko tunakokwenda kila siku? Mimi nakaa juu ya jiwe, yeye anasimama mbele yangu anapiga picha zake. Macho haya ya presha hayaoni kitu, hata sahani yangu siioni, lakini pale nilikuwa nawaona mbuni. Nilikuwa nauona uso wa Elisifa akigeuka kunicheka."

"Hukuniambia kwamba unaona."

"Nilikuambia, mama. Ukasema una kikao."

Ndipo Modesta akakumbuka. Mwaka ule daktari aliposema macho ya mama hayaponi, yeye mwenyewe, kwa uchungu, alikaa akaandika kipande kidogo ndani ya mchoranuru: mashine iyaulize macho dhaifu yanaona nini, iongeze mwanga taratibu, ijifunze mpaka yaone. Akamtumia mama miwani kwa mkono wa dereva, asirudi tena kuuliza kama ilifanya kazi. Ilifanya. Ilijifunza miaka saba, jiwe lile lile, macho yale yale, mpaka ikafurika. Nuru iliyoshinda Jicho la Bara mara mbili ilikuwa yake kweli, na aliiandika kwa ajili ya mama yake.

Alipanda treni ya mchana. Dodoma mpaka Singida ilikuwa saa moja tu, na hakuwa ameipanda tangu sikukuu ya mwaka juzi. Alimkuta mama barazani, akamvalisha miwani, akairudisha ile programu mwanzo. Mashine iliyauliza macho. Macho hayakujibu. Akajaribu tena, na tena. Miaka saba iliyopita palikuwa na mwanga kidogo wa kuanzia. Sasa haukuwepo, na alichokuwa amekifuta hakikuwa na nakala.

"Usihangaike," mama alisema, akimpapasa mkono. "Macho yameisha, basi. Mungu amenipa zaidi ya wengi."

"Mama, mimi ndiye..."

"Vaa na wewe miwani twende wote. Hujawahi kuja na mimi. Ukaniambie kuna nini."

Wakaingia. Modesta alisimama korongoni karibu na lile jiwe, akatazama jua lake.

"Kuna mbuni wanne," alisema. "Jua liko magharibi. Vivuli ni virefu. Mawe ni ya kahawia."

Mama alisubiri. Modesta alitafuta neno jingine, hakulipata.

"Haya," mama alisema kwa upole. "Niitie Elisifa. Yeye ndiye anayejua kunieleza."

Modesta alivua miwani, akatoka, akamwita juu ya ua. Elisifa alikuja na pumba mikononi, akajifuta kwenye kanga, akavaa miwani yake na kuketi upande wa pili wa mama. Alitazama korongo lile lililopoa. Uso wake ulishtuka, kisha akautuliza.

"Ehe, mama, leo wamekuja na vifaranga," alianza. "Vumbi limepanda. Na ile nuru yako imeshuka, ya asali, inapita juu ya bega lako, imemshika yule mkubwa shingoni. Anajua kwamba unamwona. Amesimama."

"Namwona," alisema mama.

Modesta, aliyekaa kando yao na miwani mapajani, alisikia kila neno. Alimhusudu Elisifa kuliko siku yoyote.