Mifupa ya Matia

Mwizi aliacha sanduku, akaondoka na mifupa.

Hilo ndilo lililomfanya Inspekta Winifrida Kaijage achuchumae sakafuni Jumatatu asubuhi huku akitabasamu kidogo, wakati kila mtu mwingine katika lile jumba dogo la makumbusho la Walthamstow, Uingereza, alikuwa amekunja uso. Sanduku lenyewe lilikuwa la jiwe la chokaa, urefu wake umezidi kidogo paja la mtu mzima, limechongwa Yerusalemu yapata miaka elfu mbili iliyopita. Mnada wowote wa mjini ungeligombania. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya mtu mmoja. Sasa hamkuwa na kitu.

Mfuniko haukuvunjwa. Ulilazwa sakafuni juu ya kitambaa safi ili usikwaruzike.

"Wezi gani hawa wenye malezi mazuri?" aliuliza Sajini Nadim Jiwa. Nadim alizaliwa Queensbury, lakini alilelewa na bibi yake aliyetoka Mwanza, na yeye na Winifrida walitumia Kiswahili kazini kila walipotaka kusema yao bila kusikilizwa.

Winifrida aliingiza pua sandukuni. "Hebu nusa."

Nadim akanusa. "Mafuta ya zeituni. Na mvinyo?"

"Mafuta na mvinyo." Kwa kibano aliokota nyuzinyuzi za rangi ya kutu zilizonasa kwenye kona ya sanduku, akazitia katika mfuko wa vielelezo. "Hizi ziende maabara leo hii."

Alama za vidole hazikuwepo. Mtu huyo alivaa glavu. Mlango haukuguswa kwa nguvu. Alikuwa na ufunguo. Ubavuni mwa sanduku palikwaruzwa herufi chache za kale, zimepinda, na kadi iliyobandikwa pembeni ilieleza maana yake: Matia, baba yetu.

Mwenye jumba, Bhavini Thakrar, alikuwa mjane aliyezaliwa Kisumu, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Mimi nakwambia, Inspekta, usichoke kutafuta. Ni Jeff."

"Jeff ni nani?"

"Mwalimu Kaplan. Myahudi, mtu wa historia. Mimi mwenyewe nilimwita asaidie hii maonyesho, maisha ya Wayahudi siku za Yesu. Sanduku kufika tu, ananiambia hapo nje, wageni wamejaa, 'Bhavini, hii si pambo, hii ni maiti, izikwe.' Aliniaibisha sana."

"Nani ana funguo?"

"Mimi. Yeye. Na Laurean."

"Laurean?"

"Volunteer yangu, anaongoza wageni kila Jumamosi. Nurse, mtu wa kanisa. Huyo hata kalamu yangu hawezi kubeba."

"Na kamera za ulinzi?"

Bhavini alitazama pembeni. "Zilikufa Krismasi. Fundi kila siku anasema kesho."

Jeff Kaplan hakuwatoroka polisi. Alikuja kituoni kwa miguu yake, na saa sita mchana alikuwa ameketi chumba cha mahojiano, ndevu nyeupe, macho matulivu. Mkuu wa upelelezi alimvuta Winifrida kando kwenye korido.

"Ana ufunguo. Ana sababu. Tena ndiye mtaalamu wa hayo mambo ya kale. Nataka ashtakiwe kabla ya jioni."

"Utampata mwizi kabla ya jioni," Winifrida alimjibu. "Sijasema atakuwa huyu."

Hakusema hivyo kwa kujigamba. Kesi ambayo mwizi aliacha kitu cha thamani na kuchukua kisichouzika ilikuwa imeshamwambia nusu ya habari: aliyeingia mle hakutafuta mali. Iliyobaki ilikuwa kujua alitafuta nini, na kulijua mapema, maana mzee wa watu akishashtakiwa kwa wizi wa maiti, jina lake halisafishiki tena hata akiachiwa.

Akaingia, akaketi, akawasha kinasa sauti.

"Mafuta na mvinyo, Bwana Kaplan. Maana yake nini?"

Jeff aliinua kichwa haraka. "Vilikuwamo?"

"Nimekuuliza wewe."

"Enzi zile, Yerusalemu, mtu alizikwa mara mbili," alisema taratibu, mwalimu hata akiwa mahabusu. "Kwanza alilazwa pangoni. Baada ya mwaka, mwili ukishaisha, mwanawe alirudi, akaikusanya mifupa ya baba yake kwa mikono yake, akaitia sandukuni. Wako walioinyunyizia mafuta na mvinyo. Ndiyo desturi waliyoiona wakikua akina Petro na Yakobo. Walikuwa Wayahudi kabla ya kuitwa kitu kingine chochote."

"Wewe ulimchukua Matia?"

"Hapana."

"Unasikitika ametoweka?"

"Hata kidogo."

"Nani mwingine anajua habari ya mafuta na mvinyo?"

"Kila aliyehudhuria darasa langu."

"Darasa lilifanyika ndani ya jumba?"

Jeff alisita. "Kwenye mkahawa, ng'ambo ya barabara."

"Jumba lina ukumbi, lina viti, lina joto. Kwa nini mkahawani?"

"Kwa sababu mimi ni wa ukoo wa makuhani," Jeff alisema. "Hekalu lilibomolewa, kazi yetu ikaisha, lakini miiko mingine imebaki. Kuhani hakai chini ya paa moja na maiti. Tangu sanduku lile lilipoletwa sijavuka kizingiti cha Bhavini. Hata maneno yale yaliyomuudhi nilimwambia nikiwa nimesimama kando ya barabara."

Nadim, aliyekuwa ameegemea ukuta, alikohoa. "Mwiko huo una mlango wa nyuma. Nimesoma asubuhi hii habari za mazishi ya Kiyahudi. Maiti akiwa hana mtu wa kumzika, kuhani naye anaruhusiwa. Tena analazimika."

Kwa mara ya kwanza Jeff alitabasamu. "Umesoma vizuri, Sajini. Maiti asiye na mtu. Hapo ningeingia mbio."

"Na Matia ana nani, baada ya miaka elfu mbili?" Winifrida aliuliza.

"Matia alikuwa na mtu," Jeff alisema, kisha akafunga mdomo ghafla.

Winifrida hakumharakisha. Mdomo wa mzee ulikuwa umeteleza, na wote watatu walijua.

"Ni nani huyo?"

"Sisemi."

"Unajua unaweza kulala ndani leo?"

"Najua. Kumzika mtu ambaye hatakulipa kamwe, kwetu hakuna hisani ya kweli kupita hiyo. Siwezi kumchongea aliyeitenda. Nishtaki mimi, Inspekta. Mimi ni mzee, sina pa kwenda."

Winifrida alizima kinasa sauti. Alishampenda mzee huyu, na hilo lilimtia hasira, kwa sababu mpelelezi hapaswi kumpenda mtuhumiwa kabla ya majibu ya maabara.

Nadim alikwenda mkahawani, akarudi na ushahidi. Mwenye mkahawa aliapa kwamba Mwalimu Kaplan hajaingia jumba lile tangu maonyesho yaanze. Hata vitabu vyake alikuwa akiletewa.

"Na nani?" Winifrida aliuliza.

"Anasema na mwanafunzi wake mmoja. Mwafrika mtu mzima, mpole. Jina halijui."

Simu ya maabara iliingia hapo hapo. Mtaalamu wa uchunguzi wa kisayansi alikuwa anakuna kichwa. Nyuzi zile si pamba, si sufu, wala si karatasi. Ni gome la mti wa jamii ya mkuyu, limepondwapondwa hadi likawa nguo. Hajawahi kuona kitu hicho katika kesi yoyote.

Winifrida hakuuliza swali la pili. Alivaa koti, akaenda maabara mwenyewe, akafunguliwa mfuko, akanusa. Moshi kidogo, na udongo. Palepale aliliona jeneza la bibi yake likiwa wazi sebuleni Bukoba, na shangazi zake wakimfunika.

"Rubugo," alimwambia Nadim walipotoka nje. "Nguo ya magome. Kwetu Kagera zamani mtu hakwenda kaburini bila hiyo. Baganda pia wanayo, lakini Wahaya ndio tunaowatafuta."

"Kwa nini Wahaya?"

"Laurean wa Bhavini, jina lake la ukoo ni nani?"

Nadim alitazama simu yake. "Ishengoma."

"Basi katika kesi hii tuna Wahaya wawili. Mmoja ni mimi, na mimi jana, siku jumba lilipofungwa, nilikuwa zamu na wewe kutwa nzima, ukinilalamikia habari za mpira."

Laurean Ishengoma aliishi nyumba ya tatu kutoka mwisho wa soko, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Alifungua mlango kabla hawajabisha mara ya pili. Alikuwa amevaa suti nyeusi na tai, viatu vimepigwa kiwi.

"Shikamoo," Winifrida alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mmeniwahi. Bhavini amenipigia sasa hivi nikitoka kazini, anafurahi, eti mmemkamata Jeff. Nilikuwa navaa nije kituoni."

"Unajua tumekuja kwa nini?"

"Najua."

Nadim alimsomea haki zake kwa Kiingereza, kama sheria inavyotaka. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru.

"Uliingia lini?" Winifrida alianza.

"Jana, baada ya ibada. Jumba hufungwa Jumapili."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Jeff hakujua kitu. Labda alikisia, kwa maswali niliyokuwa namuuliza darasani."

"Maswali gani?"

"Kama ni lazima awe mtoto wa kumzaa. Yule anayekusanya mifupa."

"Akajibu nini?"

"Alisema watoto ndio wanaoanza. Wasipokuwepo, ni yeyote mwenye moyo wa mtoto."

"Mifupa iko wapi sasa, mzee?"

"Twendeni. Si mbali."

Kando ya reli kulikuwa na vishamba vya manispaa, ambavyo wakazi hukodi walime mboga. Majirani wa Laurean walipanda viazi na maharage. Yeye alipanda migomba. Ilisimama pale pembeni, imara, majani mapana, katika nchi ambayo haiwezi kuivisha hata ndizi moja. Chini yake udongo ulikuwa umetifuliwa na kusawazishwa kwa mkono.

"Hiki ndicho kibanja changu," Laurean alisema. "Bhavini hucheka, anasema nalima kivuli."

Winifrida aliutazama udongo ule, na sasa aliielewa kesi nzima. Kwao baba huzikwa kibanjani, katika shamba lake la migomba. Hata hivyo alitaka kuisikia kwa mdomo wa mwenyewe. Akamwita kama anavyoitwa mtu mzima nyumbani kwao.

"Ta Laurean. Kwa nini?"

Mzee alivua kofia.

"Baba yangu alikuwamo kwenye ile meli iliyozama ziwani Mei ile, ikienda Mwanza. Wewe ulikuwa mtoto, lakini najua unajua. Hatukumpata. Tulikaa ufukweni, tukafunua nyuso za watu, hatukumpata. Wazee wakasema mtu hawezi kubaki bila kaburi, wakakata mgomba, wakauviringisha kwenye rubugo, tukauzika kama ndiye yeye. Ndiyo desturi, siilaumu. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, nikatupa udongo wa kwanza. Watu wakanipa pole. Mimi nilijua ule ni mgomba, Inspekta. Toka siku hiyo mpaka leo najua ule ni mgomba."

Nadim aliyaandika hayo, kisha akauliza:

"Nguo uliyoitumia jana ulitoa wapi?"

"Kipande kilichobaki siku ile. Mama alinipa niwe nacho. Nimekuja nacho Uingereza kwenye begi." Aligusa shina la mgomba uliokuwa karibu naye. "Kila Jumamosi nasimama mbele ya yule Matia, nawaeleza wageni jinsi mtoto alivyomkusanya baba yake. Wiki iliyopita binti mmoja wa shule akaniuliza, 'And where are his children now?' Nikashindwa kumjibu. Kumbe yule ana mifupa na hana mtoto. Mimi ni mtoto na sina mifupa. Basi nikamchukua. Nikamnyunyizia mafuta na mvinyo kama walivyofanya kwao, nikamfunga rubugo kama tunavyofanya kwetu. Nimekosa kwa Bhavini. Kwa Matia sidhani kama nimekosa."

Hilo lilikuwa ungamo, kamili na wazi, na jua halijazama. Winifrida alimpigia mkuu wake, akamwambia amwachie Kaplan.

Wataalamu walipofukua udongo hadi kitambaa cha rangi ya kutu kikaonekana, Winifrida alivunja utaratibu mmoja mdogo: alimpa Laurean glavu, akamwacha amwinue Matia mwenyewe. Jeff alikuwa ameshafika, amesimama nje ya uzio, mbali kidogo, kama mwiko wake ulivyomtaka. Bhavini naye alikuja, amejaa maneno, lakini alipouona mzigo ule mikononi mwa mwongozaji wake, akasogea kando, akampisha.

"Ile kadi niliandika mimi," alisema baadaye, karibu na gari la polisi. "'Baba yetu.' Niliandika kwa mkono wangu, na sikusoma."

Aliandikisha kwamba hataki kesi. Waendesha mashtaka walikubali, Laurean akapewa onyo la polisi, na sanduku likarudi kwenye maonyesho likiwa tupu. Mifupa, Bhavini aliwakabidhi watu wa Jeff.

Walimzika Matia mwezi uliofuata, katika makaburi ya Wayahudi, ndani ya rubugo lake, kwa sababu Jeff aliwaomba wasimvue. Winifrida na Nadim walisimama nyuma. Rabi alimaliza sala, akatazama huku na huku, akauliza ni nani upande wa marehemu, atupe udongo wa kwanza. Ndipo sauti ya Jeff ikatoka barabarani, nje ya lango, alikosimama peke yake.

"Yupo. Huyo mwenye suti nyeusi."

Laurean alipokea koleo. Safari hii alijua anamfunika mtu.